Mgongo Uliokataa Kuinama

Kilichomwamsha Uelese kila alfajiri hakikuwa kengele ya nahodha bali uvundo. Dawa ya kuchua, mafuta ya nazi yaliyochacha na kaptula zilizolowa maji ya bahari bila kusuuzwa, vyote vilichemka pamoja ndani ya ukumbi wa kanisa, walimolala wapiga makasia wote wa kijiji, bega kwa bega. Walikuwa kambini tangu Pasaka, wakijifua kwa mashindano ya mashua ya Siku ya Uhuru, na hakuna aliyeruhusiwa kulala kwake. Kuamka kwenyewe kulikuwa aibu tupu. Mtu mzima alijiviringisha ubavu, akatambaa hadi ukutani, akajivuta juu kwa mikono kama mlevi, huku amebana midomo lisimtoke neno.

Neno hilo ni "naumwa". Nahodha Lauvao, mkuu wa ukoo wa upande wa mtoni, alikuwa amelipiga marufuku. Atakayelitamka, alisema, achukue mkeka wake akalale na nguruwe.

Uelese alifundisha sayansi katika sekondari ya wilaya. Alikuwa amemwendea nahodha faraghani, akamweleza kwamba msuli haukui wakati wa kuvuta kasia. Unachanika hapo, kisha unakua ukipumzishwa. Akaomba siku moja ya mapumziko katikati ya wiki. Lauvao alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamuuliza kama mababu zao walipokuwa wakivuka bahari kuja visiwa hivi walipumzika Jumatano.

Basi maumivu yakawa ndiyo hali ya kawaida, na baada ya hapo yakawa fahari. Jioni wanaume walishusha kaptula wakaonyeshana makalio yaliyochunwa na mabenchi ya mashua, wakashindana nani ana jipu kubwa, wakaminyiana usaha kwa vicheko, kisha kwa vidole hivyo hivyo wakachota mafuta ya kondoo kwenye sahani wakala. Uelese aliumwa kama wao. Mapaja yake yalikuwa magogo, mabega yakiungua hata akijifunika shuka. Lakini vidonda havikumchefua kama ile furaha ya wenye vidonda.

Binamu yake Filemoni, aliyekaa naye benchi moja, alikuwa amechelewa kambi. Alikuwa Nyuzilandi akichuma matunda, akaacha kazi kabla ya msimu kwisha ili awahi mashua, maana marehemu baba yake aliishikia usukani miaka mingi. Ili awafikie wenzake, nahodha alimpa mazoezi maradufu: alfajiri na wote, mchana peke yake. Usiku Mama Sieni, mkandaji, alimkanda kwa viwiko mapaja yaliyokwisha kuvimba.

Jumamosi jioni Uelese alimkuta Filemoni nyuma ya ukumbi, amesimama akielekea ukuta. Mkojo uliotiririka kwenye saruji ulikuwa mzito, wa rangi ya kakao. Uelese alihisi mate ya kichefuchefu yakimjaa mdomoni, lakini hakugeuza macho.

"Tangu lini?"

"Nimekunywa kakao nyingi, mwalimu."

"Kakao haitoki hivyo. Hiyo ni nyama yako."

"Basi ninayo ya kumwaga. Wewe mwenye miguu ya kuku ndiye uogope." Filemoni akajaribu kucheka, akashindwa. "Usiseme, binamu. Wakinitoa hapa nitakuwa nimerudi kwa ajili ya nini?"

Uelese alimweleza wazi: misuli iliyosagika huziba figo, na figo zikifa zimekufa. Wakakubaliana anywe maji, na kesho baada ya chakula cha wazee waende hospitali wenyewe, kimyakimya. Baadaye Uelese alijua kwamba hilo lilikuwa kosa; alipaswa kumpeleka saa ile ile.

Jumapili baada ya ibada wapiga makasia waliwahudumia wazee, walioketi mikekani wakiegemea nguzo. Anayepita mbele ya walioketi huinama hadi kichwa kiwe chini ya vichwa vyao, mkono karibu na sakafu, akisema "tulou" kuomba radhi. Mtoto wa miaka mitatu analijua hilo. Filemoni alipewa samaki ampelekee nahodha. Alipita mbele ya safu nzima ya wazee wima kama mlingoti. Tulou aliisema, mgongo haukuisema.

Mzee mmoja akaweka chini tonge lake.

"Umezoea kupita hivyo mbele ya matajiri wako huko?" Lauvao aliuliza taratibu.

Jasho lilimtiririka Filemoni shingoni. Alichagua aonekane mfidhuli kuliko aonekane mgonjwa.

Nahodha akasema alasiri hiyo hiyo, Jumapili au si Jumapili, atampeleka majini peke yake hadi mgongo ujifunze kukunjika.

Uelese alipiga magoti katikati ya mikeka. "Mzee, si kwamba hataki kuinama. Hawezi. Anakojoa misuli yake. Ukimpeleka majini leo utamzika."

"Tunakula, mwalimu."

"Najua mnakula. Nenda naye nyuma ukaangalie, kisha useme mimi mwongo."

Mtu mmoja alitema mboga kwenye jani la mgomba alilolia. Lauvao akasimama, akatoka na Filemoni. Aliporudi alikuwa amekunja uso kama aliyenusa mzoga. Alikitazama kikombe chake cha kakao, akakisukuma mbali, akaagiza gari liletwe.

Njia nzima ya kwenda hospitali, nyuma ya pikapu, Filemoni hakumtazama Uelese. "Umeutangaza mkojo wangu mbele ya chakula cha wazee," alisema mara moja tu.

Daktari hakuwa na maneno mengi. Alimtundikia maji, akasema figo zimeumia lakini bado zinafanya kazi, na makasia asahau mwaka huu. Filemoni akageukia ukuta.

Muuguzi alikuwa peke yake wodi nzima, kwa hiyo kazi ya chupa ya mkojo ilimwangukia Uelese. Alfajiri aliipokea ya tatu, ya moto mkononi, ikinuka kama chuma kibichi. Aliinua chupa dirishani, akaitazama kwa muda. Ilikuwa nyepesi kuliko ile ya usiku, kama chai ya rangi.

"Rangi imepungua," alisema.

"Usinisemeshe."

"Sikusemeshi. Kunywa." Akamsogezea maji, akaenda kuimwaga chupa.