Nusu Saa ya Nyongeza

Waliopanga fainali ya ubingwa wa mkoa ichezwe Jumapili ndio wa kwanza ninaowalaumu. Wa pili ni waliotoa amri ya kuokoa petroli, kwamba Jumapili ikishafika saa nane mchana gari la mtu binafsi lisionekane barabarani. Wao wana vibali. Sisi wachukuzi wa Kariakoo tuna mikokoteni.

Siku hiyo mke wangu Winifrida aliamka na tumbo. Saa saba jirani yetu Tulsidas, muuza vitambaa, akaja na ufunguo wa gari mkononi.

"Anselmi, tumpeleke hospitali sasa. Saa nane ikipita sitaweza."

Nikamwambia asijisumbue. Nilijua nikiingia hospitali sitoki, na timu yetu ya sokoni inacheza na wavuvi wa Feri.

"Baba Agnesi, linakata huku kulia," mke wangu akasema.

"Mpira unaisha kumi na mbili kasoro robo. Likiwa bado linauma nitakupeleka mwenyewe."

"Haya. Usikawie lakini."

Dakika tisini zikaisha sare, bao moja kwa moja. Nikainuka. Ramadhan, tunayesukuma naye mizigo, akanishika shati.

"We Mchaga, unaenda wapi? Mama kakupangia saa za kurudi?"

Watu wakacheka.

"Anaumwa, bwana."

"Nusu saa tu! Kesho wakikuuliza nani kafunga utajibu nini?"

Nikakaa. Hakunifunga kamba, nilikaa mwenyewe.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, Rajabu wetu, mbeba viazi, akaruka juu ya mabeki wa Feri, akapiga kichwa. Goli! Uwanja wote wa Ilala ukalia. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Filimbi ya mwisho ilipolia nikambeba Rajabu begani mpaka nje, kama gunia.

Nyumbani nilimkuta Winifrida amelala chini, jasho linamtiririka.

"Limepoa," akaniambia.

Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikaanza kumsimulia goli. Nilipomgusa tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Tulsidas akataka kukimbilia polisi kuomba kibali, sikungoja. Nikatandika godoro kwenye mkokoteni, nikamsukuma mpaka hospitali, Upanga.

Daktari akamminya tumbo, akasema, "Kidole tumbo kimepasuka. Hapo maumivu yalipoacha ndipo kilipopasuka. Yaliacha saa ngapi, mama?"

"Saa sikuangalia," Winifrida akajibu. "Niliposikia watu wanashangilia goli."

Daktari akaandika. Mimi nikatazama ukuta.

Walimpasua usiku ule ule. Jumanne akafariki.

Msibani kila mtu alilaani ile amri ya magari, na mimi nililaani kuliko wote. Binti yetu Agnesi, aliyekuwa kwa bibi yake Rombo, alifika amevimba macho, akaniuliza mbele za watu, "Baba, yaani halikupatikana gari hata moja?"

Tulsidas alikuwa amekaa jamvini, magoti yetu yanagusana.

"Serikali ilizuia, mwanangu," nikasema. "Wakubwa ndio waliomuua mama yako."

Tulsidas akaniangalia. Kisha akamshika Agnesi mkono, akampa pole, akaondoka.

Sasa Agnesi ana watoto wake. Wakimuuliza habari za bibi yao, anawasimulia vilevile nilivyomwambia, na mimi nipo pale nasikiliza.