Alama ya Mnyororo

Vumbi la asubuhi lilikuwa likicheza kwenye mwanga wa dirisha letu, Bugid, hapa Hara Kebira, mtaa wetu wa Wayahudi kisiwani Djerba, ulipofungua kinywa uniombe chai. Ikaja pumzi. Likaja jasho. Neno halikuja. Damu imevuja kichwani, daktari akasema, na mahali pa maneno pamefungwa.

Wewe, mume wangu, msomaji wa Torati kwa wimbo sinagogini miaka thelathini na minane. Gombo halina alama hata moja ya kuimbia. Vinukta na vikia vinavyoiambia sauti ipande wapi, ishuke wapi, itue wapi, vyote ulivibeba kichwani.

Ukafungwa ndani yako. Na mimi, Meisa, nikafungwa nje yako.

Siku ya tisa, nikikuosha miguu, ukaimba. Aya nzima, kila alama mahali pake. Beseni likaniponyoka.

"Haya, sasa niambie, unataka maji?"

Ukafungua kinywa, ikatoka pumzi tu. Yaliyoandikwa yalikuja yamepanda wimbo wake. Maneno yako mwenyewe hayakuwa na wimbo, hayakuja.

Tukaishi hivyo. Ukitaka mkate, uliimba mahali penye mkate. Ukitaka hewa, uliimba dirisha la safina. Nami nilikuelewa, kwa kuwa alama hizo nilizisikia toka utotoni, nikiwa upande wa wanawake sinagogini, nyuma ya pazia.

Ndipo mwanetu Sion akaja kutoka Paris, na tiketi tatu mfukoni.

"Baba, huku mnaoza. Kule kuna hospitali, kuna lifti, kuna mimi." Akanigeukia. "Mama, hebu mwambie."

"Mwambie mwenyewe. Masikio yake hayaumwi."

Ukamtazama mwanao. Ukaimba neno moja tu, lile la kijana Mwebrania aliyekuwa mtumwa Misri, mke wa bwana wake alipomtaka: akakataa. Neno hilo lina alama adimu, jina lake mnyororo. Sauti inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, haitaki kutua. Uliivuta pete kwa pete mpaka ukuta ukaitikia.

Sion akacheka, macho yamemjaa maji. "Bubu, na bado mkaidi."

Mimi nikaingia stoo, kati ya mitungi ya ndimu za chumvi, nikalia. Kwa sababu nilitaka kwenda. Nilitaka toka nikiwa na meno yote. Nilitaka wajukuu ninaowajua kwa picha, nilitaka mtaa ambao hakuna anayejua nimenunua nini sokoni. Nilinyamaza miaka yote hiyo, na ulimi wangu ni mzima.

Kesho yake nikakaa mbele yako, nikayatia maneno yangu katika wimbo wako. "Nataka kwenda, Bugid. Nilitaka toka zamani."

Ulitazama dirisha hadi alasiri. Kisha ukaimba neno la bibi harusi wa kale, aliyeulizwa kama atafuatana na mgeni hadi nchi ya mbali: nitaenda.

Alama yake ni rahisi kuliko zote, ya mwisho wa aya. Sauti inashuka, inatulia, basi. Lakini sauti yako haikutulia. Ilishuka nusu ikakatika, ukarudia, ikakatika tena. Wewe, uliyekuwa hukosei, ulikosea hiyo. Nikasikia mtu anayejifungia mlango wa nyumbani kwake kwa ajili yangu.

Sion alikuwa uani akimenya komamanga. "Baba kasema nini?"

"Amekataa tena."

"Mbona nimesikia wimbo mwingine?"

"Ulikuwa mbali."

Akaniangalia. "Na wewe, Mama? Wewe unataka nini?"

"Nataka umalize komamanga hilo, mikono yako inachafuka."

Alhamisi akaondoka peke yake. Nilipofunga lango la uani na kurudi, ulikuwa umeketi wima, midomo inacheza. Ulikuwa unapita Torati yote, kitabu kwa kitabu, ukitafuta neno la kuniuliza kwa nini tumebaki.

Nilikuona ukilitafuta. Nililijua lilipo. Sikukusaidia.