Fahali wa Esteri

Ndayikunda alizipanga karata zake nane mezani, uso juu, kama desturi inavyotaka, nami sikuhitaji kutafuta. Fahali wa Esteri alikuwa wa tatu, pembe moja imeelekea juu na nyingine imeinama, vilevile nilivyomwona mara ya mwisho pale Mtabila, kabla kambi ile ya wakimbizi haijafungwa mwaka 2012.

"Unamtazama kama mchumba, shemeji," alisema Ndayikunda.

"Namtazama kama mali yangu."

"Alikuwa mali yako. Ukacheza, ukaliwa."

Tulikuwa katika kibanda cha chai cha Siti, kando ya gulio, karibu na njia iendayo kambi ya Nduta. Mvua za Novemba zilikuwa zimekolea, na turubai juu yetu lilikuwa limebeba maji mpaka likafanya kitumbo. Nilikuwa nimetoka Kasulu alfajiri, baada ya kuletewa habari kwamba Ndayikunda amevuka tena mpaka, safari hii amepokewa Nduta, na kwamba bado anacheza zizi.

Asiyeufahamu mchezo huo nitamweleza kwa ufupi. Watu wa Mtabila waliubuni wenyewe, kwa maboksi ya mafuta ya mgao. Unakata kipande kama kiganja, unachora mnyama, unamwekea nukta za nguvu zake kuanzia moja hadi tisa. Kila mkono, wachezaji wawili wanalaza karata kifudifudi, kisha wanafunua. Mwenye nukta nyingi anamla mwenzake. Isipokuwa nyuki, ambaye ana nukta moja tu lakini humfukuza tembo mwenye tisa. Kila mtu ana karata zake na hujulikana kwazo. Haziuzwi, wala hazitolewi zawadi, maana kuuziana na kupeana kulishaleta ugomvi uliofika mpaka kwenye foleni ya mgao. Karata huhama kwa njia moja: unamchagulia mwenzako karata ya kuweka rehani katikati ya meza, naye anakuchagulia yako, na mshindi anazichukua zote mbili. Anayegusa rehani kabla mchezo haujaisha ameshindwa papo hapo. Mikono mepesi ilikuwa mingi Mtabila.

Esteri alikuwa mke wangu. Yeye na Ndayikunda walizaliwa kilima kimoja huko Burundi, na fahali yule mwenye pembe iliyoinama alikuwa fahali wa kweli wa kilima hicho. Alinichorea kwa kumbukumbu, siku nilipojifunza mchezo. Nilipoliwa na Ndayikunda, Esteri alicheka sana, akasema atanichorea mwingine. Hakuwahi. Mwaka uliofuata nilimzika, nikazifungia karata zangu kwenye kopo la majani ya chai, nisilifungue tena mpaka alfajiri hiyo. Hakupenda kupigwa picha, na kuandika hakujifunza, ingawa nilimwomba tuende wote darasa la jioni. Kazi ya mkono wake iliyobaki duniani ilikuwa kile kipande cha boksi.

"Rehani yako ni fahali," nilimwambia.

"Nilijua." Alimsukuma katikati. Kisha akainamia karata zangu, akazinusa. "Hizi zinanuka mende, shemeji. Mara ya mwisho umecheza lini?"

"Na wewe."

"Miaka mitatu! Kusoma magazeti hakusahauliki. Zizi linasahaulika." Aliweka kidole juu ya nyuki wangu. "Huyu."

Alijua anachofanya. Bila nyuki, tembo wake hakuwa na wa kumfukuza.

Nilianza vibaya. Nilitanguliza nyati, nikidhani ataanza na karata ndogo, akafunua tembo. Mkono wa pili nikatoa ndogo kwa hofu, akanila kwa mbwamwitu, mnyama wa kawaida kabisa. Ndayikunda alikunywa chai yake kwa sauti.

"Siti, mwongezee shemeji andazi. Ana safari ndefu ya kurudi mikono mitupu."

"Mwache mzee acheze," alisema Siti. "Wewe Ndayikunda una mdomo."

Hapo ndipo nilipoyakumbuka maneno ya Esteri, aliyokuwa akiniambia kila nilipopoteza: hesabu waliokwenda, usitamani waliobaki. Nikaacha kumtazama fahali. Nikaanza kuhesabu. Mkono wa tatu nilikula, wa nne nikala, wa tano akala yeye. Wa sita nikala. Tatu kwa tatu.

Ulibaki mkono mmoja. Karata zake zote nilikuwa nimeziona mwanzoni, na zote nilikuwa nimezifuata. Mkononi mwake alibaki sungura, nukta mbili. Mkononi mwangu chui, nukta saba. Nilimlaza chui mezani, kifudifudi, nikamtazama Ndayikunda usoni. Yeye naye alikuwa amehesabu. Aliishika karata yake kifuani, hakuilaza.

"Laza," nilisema.

"Subiri chai inishuke."

"Laza, Ndayikunda."

"Haraka ya nini? Umesubiri miaka mitatu."

Turubai likapasuka. Halikupasuka lote, ila maji yalishuka kwenye ncha ya meza kama yaliyomwagwa kwa ndoo, yakapata ufa wa ubao, yakaanza kuufuata kuja katikati. Siti alipiga kelele, akanyakua vikombe.

"Wazee, ondoeni makaratasi yenu!" Alinyoosha mkono kuelekea rehani.

"Usiguse!" tulisema wote wawili kwa pamoja.

Akarudisha mkono kama aliyeungua. "Basi kaeni na wendawazimu wenu."

Maji yalimfikia nyuki kwanza. Niliona wino wa mabawa yake ukivimba, ukatawanyika, ukawa doa la buluu lisilo na umbo. Ndayikunda naye aliona. Aliishikilia karata yake kifuani na kunitazama mimi, si meza. Alichotakiwa kufanya ni kuilaza tu, tufunue, mchezo uishe, nimchukue fahali kwa haki. Hakuilaza.

"Laza, ndugu yangu. Nakuomba."

Maji yaligusa ukingo wa karata ya fahali. Boksi likaanza kunywa. Kwato moja ya nyuma ikalegea, ikapoteza mstari wake.

Nikamnyakua.

Nilimfuta kwa shati langu, upande wa ndani uliokuwa mkavu, taratibu, nisije nikaondoa kingine. Kwato ile ilikuwa imeharibika. Pembe zilikuwa salama, na jicho. Niliitazama ile pembe iliyoinama kwa muda, nikamwekea Ndayikunda karata mbele yake, kwa sababu nilikuwa nimegusa, na desturi naijua.

Ndayikunda alimlaza sungura wake mezani, uso juu. Kisha akatoa Biblia ndani ya koti. Ilikuwa imevimba kwa unyevu wa safari. Akamweka fahali kati ya kurasa.

"Mara mbili nimevuka naye mpaka," alisema. "Mwanzo kurudi nyumbani, sasa kuikimbia nyumba. Pale kilimani kwetu hakuna ng'ombe tena, shemeji. Huyu ndiye aliyebaki."

"Ulijua nitamgusa."

"Nilijua."

"Na nisingemgusa?"

"Ningemgusa mimi."

Nilimtazama. Uso wake haukusema ndiyo wala hapana. Ulikuwa uso uleule wa Mtabila, ulionila mara nyingi.

"Maneno hayo ni rahisi sasa," nilisema.

"Ni rahisi," alikubali. Akaokota karata ya nyuki, ikachanika kwa kulowa mkononi mwake. "Huyu amekufa maji. Una saba. Kwa saba huchezi na mtu."

"Gulio lijalo uko hapa?"

"Niende wapi?"

Nilimwomba Siti boksi tupu la biskuti na kisu. Alinipa, huku akinung'unika kuhusu meza yake. Nikakata kipande, nikakipima kwa kiganja, nikatoa kalamu mfukoni. Maisha yangu yote sikuwahi kuchora karata. Za kwangu zote zilichorwa na watu wengine. Ndayikunda alijiinamisha kuangalia.

"Huyo ni nzi, shemeji."

"Nyamaza," nilisema, nikakata kipande kingine.