Staftahi ya Marehemu Earl

Msinidanganye kwamba hamsomi udaku. Mimi ni keshia kwenye supamaketi ya Pruitt, na mji mzima wa Tolliver unapita mikononi mwangu. Namjua kila anayenunua gazeti la *Kimondo* na kulilaza kifudifudi chini ya mkate. Ukimtazama tu, anakwambia ni la mama mkwe. Basi Ohio hii imejaa mama wakwe watupu.

Zamani gazeti hilo liliuzwa vibandani huko mijini, limejaa maiti na ajali. Wenye gazeti wakang'amua kwamba akina mama hawaendi vibandani, wanakwenda kununua maziwa. Wakafuta damu, wakaweka nyota wa filamu, utabiri na vyakula vya kupunguza unene, wakatuletea pale pale mtu anaposimama foleni hana la kufanya. Nilikuwa nalicheka kama wengine, hadi Alhamisi ile lilipokuja na sura ya Verna Stuckey.

Verna ni mjane, jirani yangu. Picha ilikuwa ile ya maonyesho ya wilaya, aliposhinda kwa pai yake ya tufaha. Chini yake, kwa herufi nene: MZIMU WA MUME WANGU HUNIPIKIA STAFTAHI KILA ASUBUHI.

Nikampigia simu kabla hajatoka nyumbani kuja dukani, nikamsomea.

"Kijana mmoja alinipigia kutoka Florida," akasema taratibu. "Ana sauti ya upole. Akaniuliza kama bado namhisi Earl. Nikamwambia asubuhi nyingine nasikia harufu ya kahawa, na mimi sijachemsha. Basi, Doreen. Sikusema zaidi ya hapo."

"Usije leo, shoga yangu. Nitakuletea vitu vyako."

"Nikijificha leo, nitajificha mpaka kufa. Nakuja."

Akaja, amevaa koti lake la kanisani. Minong'ono ikaanzia kwenye nyama ikafika kwenye mayai. Bwana Pruitt, mwenye duka, akamkimbilia.

"Bi. Stuckey, pitia mlango wa nyuma. Tutakubebea kila kitu. Nakusitiri tu, mama."

"Mlango wa nyuma ni wa wezi na maboksi," akasema Verna, akajipanga kwenye foleni yangu.

Mbele yake alikuwa Hazel Ormsby, mke wa mchungaji. Ameweka mkate, siagi, na kitu kimelala kifudifudi. Nilikigeuza. Sura ya Verna ikatutazama sote.

"Ni la mama mkwe," akasema Hazel.

"Mama mkwe wako tulimzika wakati wa Pasaka."

Pruitt akanisogelea sikioni. "Doreen, piga bei au vua hiyo aproni."

"Niivue sasa hivi, au nimalize foleni kwanza?" Nilisema kwa sauti, makusudi. Nilikuwa nimechoka na watu wale.

Verna akanyoosha mkono, akalichukua gazeti, akasoma duka zima likimsikia. "'Earl hunikaangia mayai.' Uongo. Alipokuwa hai hakuwahi kuvunja hata yai moja, leo ndiyo aanze?"

Mtu akacheka huko nyuma, akajizuia.

"Cheka," Verna akamwambia. "Cheka nikiwa hapa. Wanaoniudhi ni wanaosubiri nitoke." Akaendelea. "'Usiku hunifunika blanketi.' Uongo. 'Harufu ya kahawa...'"

Akalishusha gazeti kifuani. Ningekuwa na uwezo, ningelichoma gazeti lile pamoja na mitambo yake.

"Hii ni kweli," akasema. "Jikoni Earl alijua kahawa tu, na aliniletea kitandani kila siku ya ndoa yetu. Hii niliisema mimi, na siifuti. Mwenye la kuuliza aniulize."

Akalirudisha gazeti juu ya mkate wa Hazel.

Hazel alikuwa mwekundu hadi shingoni. "Verna, mpenzi, sisi tunakuombea tu. Mtu kumhisi mume asiyekuwepo, si jambo jema."

"Wako yupo, Hazel," akasema Verna. "Asubuhi unamhisi?"

Macho ya Hazel yakajaa machozi mbele yetu sote. Akaacha mkate, siagi na gazeti juu ya mkanda wa kaunta yangu, akatoka bila kuaga.

Verna akasogea mbele, akaanza kupanga vitu vyake.