Nguo Zote za Gramu

Mume wangu alikuwa fundi wa mizani. Mtaani walimwita Gramu, kwa sababu aliweza kusimama sokoni asubuhi nzima akibishana na muuza vitunguu juu ya gramu tatu. Mimi ni dobi. Chumba cha mbele nina pasi mbili na meza ndefu, uani nina mabeseni na kamba. Na niseme mapema ili mtu asije akaniuliza tena: hatukuwa tumegombana. Jumanne ile alikunywa chai, akalalamika kwamba haina sukari, akachukua begi lake la spana na mawe ya kupimia, akaenda kutengeneza mizani ya ghala moja upande wa stesheni. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, kitambi cha kutosha na nywele tele kichwani. Aliniambia atarudi kula mchana.

Ghalani alifika. Mlinzi alisema alimaliza kazi saa nne, akaaga vizuri, akatoka getini na kugeukia kulia. Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Watu wananiambia haiwezekani mtu mzima ayeyuke hivihivi mchana kweupe. Haya, kama haiwezekani, njooni mnionyeshe alipo.

Sasa niwaambie nilichofanya. Kuna wanawake wakikasirika wanavunja vyombo, wengine wananuna wiki nzima. Mimi nikikasirika, nafua. Gramu alipolala nje Jumanne nikajua yuko kwa wenzake wa karata, amezima simu ili asisikie kelele zangu. Aliwahi kunifanyia hivyo mara mbili. Kwa hiyo Jumatano kulipokucha nilikuwa nimefura haswa. Nikakusanya kila kilicho chake: suruali, ovaroli ya akiba, fulana, kofia, taulo, shuka, foronya, vitambaa vya kiti chake. Hata ndala nilizisugua kwa brashi. Nilifua huku namsema, na beseni ndilo lililokuwa linanisikiliza. Kufikia saa tisa vyote vilikuwa vimekauka, nimevipiga pasi, navipanga kabatini.

Binti yangu alikuja akanikuta nakunja shuka. Alikuwa ameshapita kwa wale wa karata, akaniambia baba hakufika huko hata kidogo.

"Na wewe mama unafua?"

"Akirudi asije akasema hana nguo safi," nikamjibu.

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu, na hapohapo nikaiweka shuka chini, nikatafuta khanga ya kutokea. Tukaenda polisi jioni ileile.

Ijumaa wakaja na mbwa. Inspekta alikuwa mtu mstaarabu, mzee kidogo, anavua kofia kabla ya kuingia. Akaniuliza taratibu, "Mama, tupatie nguo yake yoyote aliyoivaa, ambayo haijafuliwa."

Nikasimama mbele ya kabati langu kama mgeni. Nikatoa shati. Yule askari wa mbwa akalinusa yeye mwenyewe kwanza, akatikisa kichwa. "Hili ni sabuni tupu." Nikatoa ovaroli. Sabuni. Foronya. Sabuni. Binti yangu akapekua chini ya kitanda, nyuma ya mlango, kwenye kapu, wapi. Begi lake la kazi alikwenda nalo. Nyumba nzima hapakuwa na uzi mmoja uliobaki na harufu ya mtu yule.

Wifi yangu, dada yake Gramu, alikuwa ameketi mlangoni. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Wifi, hata foronya?" Ningeshukuru angenitukana.

Wakajaribu ndala, maana hakuna jinsi. Mbwa akanusa, akazunguka uani, akapita chini ya kamba, akarudi ndani, akaja akakaa mbele yangu. Wakamrudisha, wakamnusisha shati, akaja tena kwangu. Mikono yangu ilikuwa imepita juu ya kila kitu, angekwenda kwa nani mwingine? Askari alilielewa hilo na akalisema kwa sauti, ila majirani waliojipanga ukutani hawakulisikia. Waliona mbwa amekaa mbele ya mke. Mpaka leo kuna wateja wanaopitisha mafurushi yao mbele ya duka langu kwenda kufulisha mtaa wa pili, na nikiwasalimia wanaitikia shingo upande.

Hayo nimeyazoea. Ninachoshindwa kukizoea ni kwamba siku ile palikuwa na njia ya kumfuata, mbichi, ya siku tatu tu, ikianzia kwenye geti la ghala na kugeuka kulia. Nami niliimwaga mtaroni pamoja na maji ya sabuni.

Miaka minne ikapita hivyo. Tulibandika matangazo yenye picha yake kwenye nguzo, stesheni, hospitali, na moja ukutani pale dukani juu ya meza ya pasi. Yakipauka tunabandika mengine. Inspekta yule akastaafu, akaja kuniaga, akaniambia amejitahidi. Najua alijitahidi. Nilimshonea kifungo cha koti kilichokuwa kinaning'inia, akaenda zake.

Mwezi uliopita inspekta mpya alituita ofisini, mimi, binti yangu na wifi. Akaweka picha mezani. Mwanamume amekaa kitandani katika hospitali moja ya mbali. Aliokotwa kando ya barabara, hasemi, hajui jina lake, umri unakaribiana. Wiki sita zilizopita aliondoka kwa miguu yake kabla hajatokea mtu wa kumuulizia.

"Mkisema ndiye, naomba msako uanze upya kule," akasema. "Mkisema siye, hili faili tunalifunga. Sina kingine cha kushika."

"Siye," akasema wifi papo hapo. "Ndugu yangu nimjue leo?"

"Ni baba," akasema binti yangu. "Shangazi, tazama masikio."

Kisha wote wawili wakanigeukia. Nikaivuta picha karibu. Mtu amekonda, amenyolewa upara, ndevu nyeupe, anatazama pembeni. Mikono iko chini ya blanketi. Amevaa gauni la hospitali. Angevaa shati la kwangu ningelijua hata macho yamefumbwa. Nikajaribu kumnenepesha. Nikamrudishia nywele. Nikamtafuta Gramu wangu kichwani nimweke kando yake nilinganishe, na kila nilipomwita, aliyekuja alikuwa yule wa kwenye tangazo, yuleyule, ametazama mbele, hapepesi. Nikamtafuta akicheka. Nikamtafuta akilalamikia chai. Akaja yule wa tangazo. Nimelala ubavuni mwa mtu huyu miaka ishirini na sita, na nilichobaki nacho ni karatasi.

"Mama?" inspekta akaniita.

"Ndiye," nikasema.

Akaanza kuandika. Kalamu ilipofika katikati ya mstari nikaogopa. Itakuwaje wakamtafuta mtu wa watu kule, huku wangu yuko kwingine na faili lake limeelekezwa pasipo?

"Ngoja. Siye."

Akakata mstari. Binti yangu akaanza kulia, na nilipomwona analia nikasema tena labda ndiye. Inspekta akaifunga kalamu, hakunikaripia. Akasema, "Mama, siwezi kuandika labda. Wewe ndiye mkewe. Hakuna mwingine wa kunijibia."

Nikamwambia sijui. Nikamwomba aniachie picha niitazame kidogo tu, peke yangu. Wakatoka wote. Nikaiegemeza kwenye faili, nikamwambia yule mtu anigeukie. Karani alipokuja kufunga madirisha nilikuwa bado namwambia.