Mchanga Kwenye Kiti cha Ormond

Gari la mbio halipimwi tupu. Kwa hilo fundi Vere Alleyne hataki ubishi na mtu. Ukishalifunga koilova, zile shokapu ambazo springi yake unaizungusha kwa spana kulipandisha gari au kulishusha, lazima ulipandishe juu ya mizani nne, kila tairi na mizani yake, na dereva awe ameketi kitini. Lakini madereva wa mbio wa St. Philip, wilaya ya kisiwa chetu, ni watu wa shughuli nyingi na maneno mengi zaidi. Mwambie mmoja wao akae garini asubuhi nzima bila kutikisika, uone visingizio vitakavyomtoka. Ndiyo maana Vere alimshonea kila mteja mfuko wa mchanga wenye uzito wake, akauandika jina kwa rangi nyekundu, na siku ya kupima huukalisha kitini akaufunga mkanda. Mfuko wa Ormond Gittens ulikuwa mnene kuliko yote, na watu waliutania kuliko walivyomtania mwenyewe.

Hayo yalikuwa kabla sukari haijamwondolea Ormond mguu wa kushoto.

Aliugua mwaka mzima. Akakonda, mashati yakawa yanamning'inia. Wageni walikuja, wakaketi, wakazungumzia mvua na bei ya samaki, wakaaga bila kuutazama ule upande wa shuka uliolala bapa. Vere alikuja siku moja hata kiti hakutaka.

"Sijaja kukupa pole," alisema. "Nipe funguo za gari lako, hiyo Starlet."

"Za nini? Klachi nitaikanyaga na nini, mwenzangu?"

"Klachi nakuwekea ya mkono, hapo hapo kwenye gia. Mguu wa kulia si unao? Mafuta na breki unavitakia miguu mingapi?"

Ormond aligeukia ukutani, machozi yasionekane. Ianthe, mkewe, ndiye aliyekwenda kuzitoa funguo.

Sasa gari lilikuwa tayari, na Jumamosi hiyo asubuhi walilipeleka kwenye barabara ya kile kiwanda cha sukari kilichofungwa, mahali ambapo siku hizi hapapiti mtu ila mbuzi. Mbio za kupanda mlima kule St. Andrew zilikuwa zinakaribia. Ormond alikuwa amekwisha kata shauri moyoni: leo gari likimtii, atapanda mlima, likimkataa, ataliuza na habari ya mbio iishe. Hakumwambia mtu. Ianthe alijua hivyo hivyo, maana mume aliyezoea kusema na runinga alikuwa kimya tangu alfajiri.

Aliingia, akauweka mguu wake wa plastiki vizuri, akafunga mkanda. Ulimpwaya. Akaukaza.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Ile klachi ya mkono ilimtii, gia zikaingia moja baada ya nyingine, miwa ikapita dirishani mbio mbio, na Ormond akajikuta anacheka peke yake kama mwehu. Kisha akafika kwenye kona, akakanyaga breki. Tairi la mbele la kulia likakwama, likalia, na gari likavuta kushoto kuelekea mtaroni. Akalirudisha. Akajaribu tena taratibu, likavuta kushoto. Akajaribu kwa nguvu, likavuta kushoto vile vile.

Kushoto. Upande ule ule usio na mguu. Ormond hakuhitaji kuambiwa na daktari. Mwili wake umepinda, alijisemea, na gari linasema ukweli ambao watu wanaona haya kuusema.

Waliporudi gereji alishuka, akashika fimbo yake.

"Tafuta mtu wa kulinunua," alimwambia Vere.

"Ebo! Kwa kona moja tu?"

"Gari halina kosa. Kosa ni mimi. Nalalia upande."

Vere akaanza kuifuta spana iliyokuwa safi tayari. Ianthe aliweka chini kikapu chake cha chakula, akamtazama mumewe. Ormond alichoka kusimama, akajitupa juu ya mifuko iliyopangwa ukutani. Aliokalia ulikuwa mnene, mgumu, na chini ya paja lake akaona herufi nyekundu: GITTENS.

Akauangalia. Akakumbuka mkanda ulivyompwaya.

"Vere. Gari ulilipima na nani kitini?"

Vere akaendelea kuifuta spana.

"Nakuuliza wewe, bwana!"

"Na huo," Vere alisema, macho chini.

"Huu? Huu si mimi! Huu ni yule bwana aliyekuwa anakula sahani mbili!"

"Najua."

"Ulijua, ukapima hivyo hivyo?"

"Sasa nifanyeje, Ormond?" Sauti ya Vere ilipanda. "Nikuambie, njoo nikupime tuone umebaki kiasi gani? Nilikuja kwako siku mbili na neno hilo mdomoni. Nikashindwa. Nikaishia kuzungumzia mvua."

Ianthe akaziba mdomo kwa mkono, lakini kicheko kilikwisha mtoka. Mwaka mzima wamemtunza kama yai, na heshima yao nusura impeleke mtaroni! Ormond alimtazama mkewe, akamtazama fundi, akahisi jambo zito likimtoka kifuani. Kumbe hakupinda. Upande wa kulia, anakokaa dereva, ulipangiwa mtu mzito ambaye hayupo tena, basi lile tairi la mbele lilibaki jepesi, likakwama upesi, na breki ya kushoto ikalivuta gari.

"Nipime," alisema.

"Itachukua muda."

"Kwani nina mguu wa kukimbilia?"

Vere akacheka mpaka akashika ukuta. Hapo kazi ikaanza upya. Akaweka vigae chini ya mizani mbili, kwa kuwa sakafu yake haijapata kuwa sawa tangu ijengwe, akakagua upepo wa matairi, akafungua vile vyuma vinavyofunga upande mmoja wa gari kwa mwingine ili kila kona ibebe mzigo wake yenyewe. Ormond akapanda kitini. Halafu Vere akainamia dirishani, uso mkavu, akauliza swali ambalo hakuna mtu katika kisiwa kizima aliyekuwa amethubutu kuliuliza.

"Huo mguu wa plastiki, mlimani unakwenda nao au unabaki kwa shemeji?"

"Naenda nao. Nitashukaje kupokea kikombe?"

"Basi usiuvue. Na usipumue sana."

Vere alizunguka na spana, hapa akipandisha kidogo, kule akishusha, akirudi kusoma mizani. Ianthe akafungua kikapu, na harufu ya nyama ya nguruwe ya ndimu na pilipili, chakula cha Jumamosi, ikajaa gereji. Ormond akanyoosha mkono dirishani.

"Weka mkono ndani!" Vere alifoka. "Ukila utaniharibia hesabu."

"Na viazi vitamu si vyako hata ukimaliza," Ianthe akaongeza. "Vyako ni nyama na tango."

Mizani zilipokubaliana, Vere akakaza kamba kila upande wa gari, mbele hadi nyuma, akanyoosha magurudumu kwa kuyalinganisha nazo. Wakala. Wakarudi kwenye barabara ya kiwanda.

Kwenye kona ile ile Ormond alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, akingojea kuvutwa. Gari lilikwenda mbele, likapungua mwendo, likakata kona kwa utulivu. Akairudia kona tena na tena, mpaka Ianthe akampungia kitambaa arudi. Alirudi amelowa jasho, anatabasamu, na hakuyaficha machozi.

Alasiri Vere aliushona upya ule mfuko. Aliuweka juu ya mizani, akautoboa, akachota mchanga kwa kopo, Ormond akimsimamia, hadi ukalingana na mtu aliyepo. Pembeni ukabaki mchanga uliozidi, lundo zima. Hospitalini hawakumwonyesha kilichoondoka, na Ormond alilitazama lile lundo kwa muda mrefu.

"Nimwage wapi?" Vere aliuliza taratibu.

"Tia kwenye ndoo yako ya kuzimia moto. Ufanye kazi."

Vere akautia. Kisha wakaukalisha mfuko kitini, mdogo, mnyoofu, jina likiwa lile lile, na Ormond mwenyewe akaufunga mkanda, akaukaza hadi ukakaa sawasawa.

"Vere," alisema bila kugeuka. "Asante kwa kuniuliza habari za mguu."