Kasha Lenye Kishikio

Dukani kwangu nina kanuni moja: simuuzii mtu kifaa kisichovaana na vingine. Wateja wengine hununa. Wanune tu, mimi nimeshachoka kurudishiwa kompyuta zilizoungua na kuambiwa ni kosa langu.

Mwanamume aliyeingia Jumamosi ile asubuhi alikuwa fundi bomba. Sikuhitaji kuambiwa. Mfuko wa shati ulikuwa umevimba kwa utepe mweupe wa kuzibia mabomba, na kitu cha kwanza alichotazama hakikuwa kompyuta, kilikuwa dari yangu yenye doa la maji. Alitikisa kichwa kama daktari aliyeona mgonjwa wa mwenzake, kisha akanipa karatasi.

"Dada, nisaidie hapa. Binti yangu amefaulu mtihani, nami nilimwahidi kompyuta ya kuchezea gemu. Ameandika mwenyewe anachotaka."

Karatasi za namna hiyo hunitia hasira kabla sijazisoma. Watu huokota jina hapa na pale kwenye video, wakachanganya, wakategemea mimi nifanye miujiza. Hii ilikuwa tofauti. Prosesa ya bei ya kati, na mothabodi ndogo, ule ubao wa kuunganishia vifaa vyote, yenye soketi ya prosesa ileile. Vipande viwili vya RAM, vya aina ambayo mothabodi hiyo inapokea. Kadi ya michoro ya feni mbili, fupi. Pawa saplai ya wati za kutosha na akiba kidogo. Mwisho, kasha dogo la kuvitia vyote, lenye kishikio juu. Nilirudia mara mbili kutafuta kosa, nikakosa.

"Ana umri gani?"

"Kumi na saba."

"Akimaliza shule mlete hapa, mimi nikapumzike."

Alicheka, mabega yakapanda. Kisha akanyoosha kidole kwenye kabati la kioo, kwenye kadi kubwa kuliko zote, ya feni tatu. "Ila badala ya hiyo kadi yake, niwekee ile."

"Haiingii."

"Itaingia tu."

"Kaka, haiingii. Kasha linapokea kadi ya sentimita ishirini na nne, ile ina thelathini na tatu. Na hata ingeingia, pawa saplai hii haiwezi kuilisha. Gemu likikolea, kompyuta inazima."

"Mimi kwenye kazi yangu huchukua saizi ya juu kila siku. Kubwa utaipunguza, ndogo utaifanyaje?"

"Umeshawahi kuvalisha koki ya inchi moja kwenye bomba la nusu inchi?"

"Kila wiki. Kuna kiungo cha kupunguzia."

Hapo alinipata, jambo ambalo silipendi. "Huku kwetu hakipo," nikamwambia. "Na usidharau hiyo kadi ndogo. Wembamba wa reli, treni inapita."

Akafikiri kidogo. Hakuwa mjinga. "Basi badilisha kasha. Chukua lile kubwa pale chini, na pawa saplai kubwa. Hapo si vitavaana?"

Vingevaana vizuri kabisa. Kwa kanuni yangu, mjadala ulikuwa umekwisha, ningeandika risiti. Lakini ile karatasi ilinikaa rohoni. Mtu aliyeiandika alikuwa amepima kila kitu.

"Mwenyewe amechagua dogo," nikasema.

"Ananionea huruma. Anajua hali yangu."

"Kasha dogo ni ghali kuliko lile kubwa."

Hilo hakulijua. Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mteja: "Itakaa wapi?"

"Kwangu, sebuleni. Meza nimeshachonga." Akajishughulisha na kukunja na kukunjua karatasi. "Mimi na mama yake tumeachana, mwaka wa nne huu. Zamani binti alikuwa akija kila mwisho wa wiki. Siku hizi mara moja kwa mwezi, na akija anatazama saa. Nikajiambia, akiwa na kitu chake pale kwangu, atakuja."

"Skrini unayo?"

"Skrini?"

"Hajaandika skrini, wala kibodi, wala mausi. Mtu makini hivi hawezi kusahau vyote vitatu."

Akaisoma karatasi upya. "Mimi sina," akasema mwishowe. "Vipo kwa mama yake. Mjomba wake alimnunulia." Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa karatasi. "Na hiki kishikio?"

"Ni cha kubebea."

Nilijuta kufungua mdomo. Alienda hadi kwenye kasha kubwa, akainama na kulinyanyua, likiwa tupu, na bado likamwelemea kidogo.

"Hili likijazwa, msichana hawezi kupanda nalo basi."

"Hawezi."

"Kwa hiyo litabaki kwangu."

"Litabaki. Na kila kitu kitavaana. Sina sababu ya kukukatalia."

Nilimwonea huruma, na papo hapo nikamkasirikia, maana nilitaka akatae mwenyewe. Alisimama amelikumbatia muda mrefu. Mteja mwingine alichungulia mlangoni, akaona hali, akaondoka.

"Litabaki kwangu," alirudia, "na yeye atabaki kwa mama yake." Akalitua chini taratibu. "Fuata karatasi yake, fundi. Usibadilishe hata skrubu."

Niliiunga kompyuta mbele ya macho yake, akishika tochi bila kuombwa. Ilipowaka, akaniomba niipeleke kwa mama yake msichana. Anwani aliiandika bila kufikiri, hadi namba ya mlango. Halafu akaonyesha rafu ya skrini.

"Ile inachomekeka kwenye hilo kasha dogo?"

"Inachomekeka."

"Nipe hiyo, na kibodi na mausi. Hivyo naondoka navyo."

"Kaka, nikuambie ukweli," nilisema. "Bila kompyuta, skrini hiyo haitakuonyesha kitu."

"Najua." Aliupachika mfuko wa kibodi begani na kulibeba boksi la skrini kwa mikono miwili, kidevu juu yake. "Lakini siku akija na kasha lake, asikute hakuna pa kuchomeka."

Mikono yake ilikuwa imejaa, nikaenda kumfungulia mlango.